Maji ya kifuani: kwa nini jibu huishia njiani kati ya Kamsamba na Mbeya

Mama mmoja wa Kamsamba alinipigia simu jioni moja, kipindi cha afya kikiwa kimeshakwisha na mimi niko nje ya studio nasubiri bodaboda. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. Mumewe anaumwa kifua tangu mavuno ya mpunga. Amekunywa dawa za TB miezi miwili, kikohozi hakijapungua, na sasa usiku analala akiwa ameketi. Amepigwa picha, wakaambiwa kuna maji upande wa kulia, aende hospitali kubwa yakatolewe na kupimwa.

"Mwanangu," akaniuliza, "wanaotolewa maji kifuani si ndio wanakufa? Hapa kwetu wawili walitolewa, wote tumewazika. Niuze ng'ombe nimpeleke akafe?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtangazaji, si daktari. Nilimwomba anipe muda niulize wanaojua. Makala haya ni yale niliyoyapata, na nayaandika kwa sababu swali lake nimelisikia kwa sauti nyingi: kutoka Kamsamba, kutoka Ivuna, hata kutoka ng'ambo ya Daraja la Momba upande wa Rukwa.

Kifua kimoja, magonjwa mengi

Kwetu, mtu akikohoa wiki tatu, jina la kwanza linalotajwa ni TB. Si kosa. Tanzania ilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka 2021 hadi 2025. Dawa zake hutolewa bure, na TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Makohozi yakipimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo shirika hilo liliiidhinisha mwaka 2010, jibu hupatikana kwa saa mbili hivi, na mashine hiyo hiyo hueleza kama vimelea vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini.

Ugumu unaanza pale makohozi yanaposema hakuna TB, lakini picha ya kifua inaonyesha kivuli au maji. Hapo mganga anaruhusiwa kumwanzishia mgonjwa dawa za TB kwa kuangalia dalili na picha. Mara nyingi anakuwa sahihi, na dawa hizo zimeokoa watu wengi. Lakini picha huonyesha kwamba kuna kitu, haisemi kitu hicho ni nini. Kivuli kile kile kinaweza kuwa saratani ya mapafu au ya tezi. Maji yale yale yanaweza kuwa usaha, au yametokana na moyo uliochoka kusukuma damu.

Kuna na vumbi. Vijana wetu wengi, mpunga na ufuta ukishavunwa, huenda kuchimba dhahabu Saza, Mkwajuni na Chunya. Vumbi la mawe likivutwa kwa miaka huacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo kwenye picha yanaweza kufanana na TB. Tena vumbi hilo hilo humfanya mtu aipate TB kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa Hospitali ya Magonjwa Ambukizi Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, wamekuwa wakiwachunguza wachimbaji wa Mirerani kwa magonjwa yote mawili pamoja.

Kuchanganya magonjwa haya si jambo la Songwe peke yake. Huko Eldoret nchini Kenya, madaktari wa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi wameeleza jinsi wagonjwa wa saratani ya mapafu wanavyofika kwao wakiwa wameshatibiwa TB kwanza, na ugonjwa umeshasambaa. Miezi iliyopotea hairudi.

Sindano tunayoiogopa

Sasa turudi kwenye maji. Pafu limefunikwa na utando wa tabaka mbili, moja limeshikana na pafu, jingine limeshikana na mbavu kwa ndani. Katikati yake kuna maji kidogo sana, vijiko vichache tu vya chai, ya kulifanya pafu liteleze unapopumua. Ugonjwa ukiushika utando huo, maji huongezeka, yakafika lita moja, mbili, na zaidi. Pafu linabanwa. Ndiyo maana mgonjwa hawezi kulala chali.

Kuyatoa kunafanyika hivi. Mgonjwa anaketi, ameinamia meza au mto. Daktari anatafuta maji yalipo, vizuri zaidi akitumia kipimo cha ultrasaundi, kile kile wanachopimwa akina mama wajawazito. Anachoma ganzi kwenye ngozi. Kisha anapitisha sindano juu kidogo ya ubavu, kwa sababu mishipa ya damu hupita chini ya ukingo wa kila ubavu. Maji kidogo yanawekwa kwenye chupa za maabara. Kama mgonjwa anahema kwa shida, yanatolewa mengine ili apate nafuu. Hakuna kupasuliwa, na mgonjwa yuko macho muda wote.

Je, ni kweli wanaotolewa maji wanakufa? Nilipouliza, jibu lilikuwa hivi: wengi wa wale tuliowazika waliuawa na ugonjwa uliokuwa unayaleta maji. Walipelekwa wakiwa wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafariki siku chache baadaye, na kijiji kikakumbuka sindano. Wale waliotolewa maji wakarudi kulima, hakuna anayewahesabu.

Lakini tusidanganyane kwamba sindano haina hatari. Inaweza kuvujisha hewa kati ya pafu na ubavu, au kutoa damu. Maji mengi yakitolewa kwa pupa, pafu lililobanwa siku nyingi linaweza kuvimba. Kwa hiyo madaktari kwa kawaida hawapitishi lita moja na nusu kwa mara moja, na husimama mgonjwa akianza kukohoa sana au kubanwa kifua. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: mtatoa kiasi gani, na nani ataniangalia baadaye?

Rangi ya maji yenyewe huanza kusema. Usaha unaonekana kwa macho, na huo unahitaji kuwekewa mrija haraka. Maji ya njano iliyokolea yanaweza kuwa TB. Maji yenye damu huwafanya madaktari wafikirie saratani, ingawa TB nayo inaweza kuyaleta. Rangi peke yake haitoshi. Maji lazima yafike maabara.

Kamera, na kinyama kidogo

Hapa kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Katika TB ya utando wa pafu, vimelea ndani ya maji ni vichache mno. Maji yanaweza kupimwa yakasema hakuna TB, na kumbe ipo. Vimelea na alama zake hupatikana zaidi kwenye utando wenyewe. Kwa hiyo daktari huhitaji kinyama kidogo cha utando huo, chembe ndogo kuliko punje ya mchele.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni sindano maalumu yenye ndoana, inayotumika tangu mwaka 1958 na inayofanyika kwa ganzi tu. Ya pili ni kuingiza kamera nyembamba kupitia tundu dogo kati ya mbavu, daktari akaangalia ndani na kuchukua kinyama mahali anapoona pana ugonjwa. Njia hii ya kamera, torakoskopi, ilianzishwa na daktari wa Sweden, Hans Christian Jacobaeus, mwaka 1910, na wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa watu wa TB. Alitumia kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kuangalia kibofu cha mkojo.

Utafiti uliofanyika Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2003, ulizilinganisha njia hizi kwa wagonjwa wenye TB ya utando wa pafu. Kamera iliwatambua wote. Sindano ya ndoana, kinyama chake kikichunguzwa kwa darubini na kuoteshwa maabara, iliwatambua karibu 8 kati ya kila 10. Nitaurudia utafiti huu mbele, kwa sababu una maana kubwa kwetu.

Kwa saratani mambo ni magumu zaidi. Maji yakichunguzwa kwa darubini hutoa jibu kwa wagonjwa kama 6 kati ya 10. Sindano ya ndoana hukosa karibu nusu, maana saratani hukaa kwa madoa madoa. Kamera huwapata zaidi ya 9 kati ya 10.

Kama ugonjwa uko ndani ya njia za hewa, hutumika bronkoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa puani au mdomoni hadi ndani ya pafu. Mwaka 1897 Mjerumani Gustav Killian alitumia mrija mgumu kutoa mfupa uliokuwa umemkwama mkulima mmoja kwenye njia ya hewa. Mrija laini unaopinda, ambao leo mgonjwa huwekewa akiwa na ganzi ya koo na dawa ya kumtuliza, ulitengenezwa Japani na Shigeto Ikeda katika miaka ya 1960. Uvimbe ulio pembeni ya pafu hufikiwa kwa sindano kupitia ngozi, daktari akiongozwa na picha za mashine ya CT. Kupasua kifua, iwe kwa matundu madogo au kwa kukifungua, huja mwisho, pale njia nyingine zote zimeshindwa.

Hatua ya ugonjwa

Mama yule aliuliza kama auze ng'ombe. Ili mtu amjibu kwa uaminifu, kujua jina la ugonjwa hakutoshi. Kama ni saratani, lazima ijulikane iko hatua ya ngapi.

Saratani ya mapafu ina hatua nne. Ya kwanza, uvimbe uko ndani ya pafu tu, na upasuaji unaweza kumponya mgonjwa. Ya pili na ya tatu, imekua au imefika kwenye tezi, kwanza za karibu, kisha zile za katikati ya kifua. Ya nne imesambaa. Tezi za katikati ndizo mara nyingi huamua kama upasuaji una maana. Ili kuzipima, madaktari hupitisha bronkoskopi yenye ultrasaundi na sindano nchani, au hukata sehemu ndogo juu ya mfupa wa kidari na kuingiza kamera. Wanafanya hivyo ili mtu asifunguliwe kifua bure.

Na maji nayo yamo katika hesabu hiyo. Maji ya kifuani yakikutwa na chembe za saratani ya pafu, ugonjwa umeshafika hatua ya nne. Sindano moja inaweza kutoa majibu mawili kwa mpigo: jina la ugonjwa na hatua yake. Familia ikilijua hilo mapema, haitauza shamba kufuata upasuaji ambao daktari mwaminifu hawezi kuufanya. Itauliza mambo mengine: dawa za saratani zinaweza kumwongezea muda gani, maji yakirudi yatazuiwaje, maumivu yatatulizwaje, na mgonjwa anataka kukaa wapi. Na jibu likiwa TB, kuuza ng'ombe hakuhitajiki kabisa, maana dawa ni bure.

Safari inapokatikia

Tuangalie sasa njia yenyewe. Kutoka Kamsamba hadi Mlowo kwenye barabara kuu ni zaidi ya kilomita 100, na wakati wa masika kila mmoja wetu anajua barabara hiyo inavyokuwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Mbozi, ya kanda iko Mbeya. Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya.

Serikali imeweka fedha nyingi kwenye vipimo vya picha. Katika mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, zilinunuliwa mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Ni hatua kubwa. Zamani picha ya namna hiyo ilimaanisha kwenda Mbeya au Dar.

Lakini kama tulivyoona, picha haitoi jina. Hatua inayofuata, ya kuchukua maji na kinyama na kumpata mtaalamu wa kukisoma, ndiyo iliyobaki mbali. Wataalamu wa kusoma kinyama kwa darubini ni wachache nchini, na wengi wako kwenye hospitali kubwa za miji mikubwa.

Malipo nayo yalikatikia papo hapo. CHF Iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu hadi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Bima ya mkulima ilimfikisha kwenye picha yenye kivuli, na pale pale alipohitaji kuambiwa kivuli ni nini, akaanza kulipa mfukoni. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Maafisa wakija vijijini kuieleza, kuuliza tu kiasi cha kuchangia hakutoshi. Tuwaulize pia: je, inalipia maji yapimwe hadi jibu litoke? Inalipia kinyama kisomwe? Inavuka mpaka wa mkoa?

Tusisubiri kila kitu kutoka Dar

Wapo wanaosema kila mkoa upewe bronkoskopi na kamera za kifua. Nia ni njema. Lakini vifaa hivyo vinahitaji daktari aliyefundishwa, mtaalamu wa usingizi, usafishaji makini ili mgonjwa mmoja asimwambukize mwingine, na fundi. Bila hao, kifaa kitakaa stoo.

Ndiyo maana utafiti wa Cape Town una uzito kwetu. Kwa ugonjwa ulio mwingi zaidi hapa, TB ya utando wa pafu, sindano ya bei nafuu ilifika karibu na kamera ya bei ghali. Na sindano haihitaji chumba cha upasuaji. Inahitaji ultrasaundi, ganzi, mikono iliyofundishwa, na chupa mbili: moja yenye formalini kwa ajili ya kinyama cha darubini, nyingine yenye maji ya chumvi ya hospitali kwa ajili ya kutafuta vimelea vya TB, kwa sababu formalini huviua. Makohozi tayari husafirishwa kutoka vituo visivyo na mashine hadi vyenye mashine. Kinyama nacho kinaweza kusafiri hivyo, badala ya kumsafirisha mgonjwa anayehema kwa shida juu ya pikipiki.

Kamera zibaki kwa wale ambao sindano imeshindwa kuwapa jibu na kwa wenye uvimbe. Hao wapewe rufaa mapema, wakiwa bado na nguvu ya kusafiri.

Ukiwa mbele ya daktari

Kwanza, usiache dawa za TB kwa sababu ya makala haya. Kuziacha katikati ndiko kunakozaa TB sugu. Ukiona miezi miwili imepita na hali haibadiliki, rudi kwenye kituo chako ukaseme, na uombe makohozi yapimwe tena.

Pili, mweleze daktari kazi ulizofanya: machimbo, miaka mingapi, sigara, jiko la kuni. Akiwa hajui, kivuli cha vumbi anaweza kukiita TB.

Tatu, ukiambiwa una maji, uliza: yatapimwa nini? Sampuli inakwenda wapi? Jibu litarudi lini, na nitalifuata kwa nani? Andika jina la maabara na tarehe.

Nne, tunza picha na karatasi zako zote, uende nazo kila unapokwenda. Daktari akiona picha ya zamani, anajua kivuli kimekua au kimepungua.

Tano, ukiona damu kwenye makohozi, unapungua mwili, sauti imekauka wiki nyingi, au huwezi kulala chali, usisubiri mavuno.

Nilimpigia yule mama siku ya tatu. Nilimweleza niliyoambiwa, pamoja na hatari zake, na nikamwambia uamuzi ni wao na daktari wao. Waliuza magunia ya mpunga, ng'ombe wakabaki. Mzee alitolewa maji, usiku ule akalala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Wamerudi nyumbani. Sampuli imepelekwa mbele, na wameambiwa wasubiri. Hadi naandika haya, wiki ya tatu inakwisha na jibu halijafika. Kila nikimpigia, mama ananiambia simu yake haizimwi, hata anapokuwa shambani ameifunga kwenye khanga.